Mjusikafiri

Maabara ya chuo, Ibra, saa tisa alasiri.
Nje jua linakaanga changarawe za maegesho,
ndani kiyoyozi kimetugandisha vidole,
na Dokta Shamsa, aliyeletwa kutufundisha
sisi watu wa isimu kuandika programu,
anasema msianze na makubwa:
chukueni neno lililoungwa, likateni,
iambieni mashine iwape maana.

Rahisi. Nikaandika:
kama neno lina vipande viwili,
shika cha kwanza, shika cha pili,
tia "mwenye" katikati, chapisha.
Nikailisha pundamilia.
*Punda mwenye milia*, ikajibu bila kusita,
nami nikajiona nimeumba kitu.

Nikailisha batamzinga.
*Bata mwenye mzinga.*
Azza, jirani yangu wa kiti,
ambaye Kiswahili chao nyumbani ni cha Bujumbura,
akauliza: mzinga upi?
Wa nyuki, au ule wa ngomeni, wa kufuturia?
Mashine haikuuliza. Mashine haifungi.

Nikailisha mjusikafiri.
*Mjusi mwenye kafiri.*
Tukacheka hadi tukageukiwa.
Nikafuta "mwenye", nikaweka "ambaye ni".
Mjusi akakaa sawa, ila punda sasa
akawa punda ambaye ni milia,
na bata, masikini, akawa mzinga wenyewe.
Ukiziba hapa, panavuja pale.

Usiku nikaipeleka kompyuta jikoni kwa Bibi Zuweina.
Alizaliwa Wete. Alikuja huku
na sanduku moja na mimba ya pili,
na Kiarabu chake mpaka leo kinachechemea kwenye ayn.
Nikamweleza: hiki, Bibi, ni kigeu,
hushika thamani yoyote utakayokipa.
"Kigeugeu," akasema. "Huyo usimkopeshe."
Na hiki ni kitanzi, kinarudia, kinarudia,
mpaka ukiambie basi.
Akaendelea kuchambua mchele.
"Nani aliyewapeni majina hayo?"

Mjusi mwenyewe alikuwepo, juu ya friji,
amejibandika ukutani kama stempu.
Kwa nini kafiri, Bibi?
"Nabii Ibrahimu alipotiwa motoni
yeye alikuwa akipuliza, uwake zaidi.
Ndivyo tulivyoambiwa chuoni, tukampiga kwa viatu."
Kumbe. Kati ya mjusi na kafiri
palipokuwa na nafasi tupu kwenye skrini yangu
kulikuwa na moto mzima.

Kivunjajungu?
"Ukimgusa utavunja chungu. Mimi nilimgusa.
Nikavunja cha mama, cha samli."
Akacheka, meno yake mawili ya dhahabu yakaonekana.

Sikufikiri. Nikasoma lililofuata.
Kifunguamimba.
Mashine ilikuwa imeshajibu, *kifungua ambaye ni mimba*,
na nilitaka acheke tena.

Alinawa mikono, nayo haikuwa michafu.
"Baba yako watu humwita hivyo," akasema,
"nami nawaachia. Siye.
Alikuwa msichana. Saada.
Aliishi siku kumi na moja, hata nywele hatujamnyoa vizuri.
Nimemwacha Wete."
Kisha akauliza kama nimekula.

Nilirudi chumbani nikafuta kanuni yote.
Nikaandika orodha, neno kwa neno, kwa mkono,
kila moja na maana yake na aliyenieleza,
kama daftari la duka la mikopo.
Kifunguamimba nililipa mstari mrefu kuliko yote.
Chini kabisa nikaweka:
kama neno halimo, chapisha
*sijui, kamuulize mtu.*

Jumapili kazi zikarudi. Saba kwa kumi.
Inafanya kazi, ameandika Dokta Shamsa kwa kalamu ya kijani,
lakini orodha hii itaendelea kukua mpaka lini?

Bibi ametimiza themanini na moja mwezi wa Rajabu.